Mbuyu wa Dodoma ni mbuyu gani?

Ndugu msikilizaji, mwaka 2012 mbuyu unaouona dirishani mwa basi unapotoka Dodoma kwenda Mpwapwa ulipewa jina jipya, bila ya wewe wala mimi kuulizwa. Wataalamu kadhaa waliandika katika Taxon, jarida la kimataifa la watu wanaoshughulika na kuipanga mimea katika koo zake, kwamba bara la Afrika halina aina moja tu ya mbuyu kama ilivyoaminika kwa zaidi ya miaka 250. Walisema lina aina mbili. Ya kwanza ni ule mbuyu tuliouzoea vitabuni, wa nchi za chini na wa pwani. Ya pili ni ya nyanda za juu, kati ya mita 650 na 1,500 kutoka usawa wa bahari, mashariki na kusini mwa Afrika. Hiyo ya pili wakaiita Adansonia kilima. Naam, kilima, neno letu wenyewe, likakaa pembeni ya Kilatini kama mgeni rasmi.

Mji wa Dodoma uko mita 1,100 na ushei. Kwa hiyo, kama wataalamu wale walikuwa sahihi, mibuyu ya Ugogo ilistahili kuangaliwa upya, mmoja baada ya mwingine. Mbuyu wa Bagamoyo ungekuwa mti wa aina moja, na wa kwetu huku ungeweza kuwa wa aina nyingine kabisa, kama mbuzi na kondoo.

Najua wapo watakaosema: mtangazaji huyu amekosa la kusema, maji hakuna, bei ya unga imepanda, yeye anatuzungushia mbuyu. Na Kiswahili cha mjini kinajua maana ya kuzunguka mbuyu, sina haja ya kuifafanua. Lakini naomba dakika zako chache. Kuna fedha ndani ya habari hii, na kuna miti mikubwa inayoangushwa kila wiki ili mtu apate nafasi ya kuweka msingi.

Tuanze na wenyewe. Wagogo huuita mti huu mpela. Mzee mmoja niliyezungumza naye kando ya barabara ya kwenda Mvumi, baada ya kusalimiana mbukwa na kuulizana habari za mvua, alinionyesha mibuyu miwili iliyosimama kama hatua hamsini kutoka mmoja hadi mwingine. Kwa macho yangu ya mjini ilikuwa pacha.

"Huu dume, mwanangu," akasema, akiugonga kwa fimbo. "Wa kivuli tu. Jike ni ule pale."

Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa amemjuaje mkewe. "Tangu baba yangu yuko hai, huu haujazaa mabuyu ya kujaza kapu moja."

Mzee hakuishia hapo. Alinieleza kwamba hata majike hayafanani: wapo wenye ubuyu mkali unaong'ata ulimi, na wapo wenye ubuyu unaoelekea utamu, ambao watoto wanawajua na kuwawahi. Majani machanga ya mti fulani ni laini kwa mboga, ya mwingine ni ya kuachia mbuzi. Wataalamu waliofanya kazi huko Benin, Afrika Magharibi, walikuta wanavijiji wakiigawa mibuyu yao kwa namna hiyo hiyo: kwa gome, kwa ladha, kwa ulaini wa jani, kwa uzazi. Hiyo nayo ni elimu ya kuainisha mimea, ingawa haina diploma. Mpangaji wa aina hii anaanzia tumboni, kwa swali la nini kinalika, na jibu lake humsaidia saa hiyo hiyo.

Wazungu walianzia mahali pengine. Tabibu wa Kiitalia aitwaye Prospero Alpini aliliona buyu sokoni Cairo, akaliandika katika kitabu chake cha mwaka 1592 juu ya mimea ya Misri. Mti wenyewe hakuuona, maana Misri hauoti. Inasemekana jina la baobab limetokana na Kiarabu, likimaanisha tunda lenye mbegu nyingi. Kisha, kati ya mwaka 1749 na 1753, kijana wa Kifaransa, Michel Adanson, akaishi Senegal kwa kazi ya kampuni ya biashara, na muda mwingi akautumia kupima miti, samaki na konokono. Yeye aliukuta mbuyu umesimama, akauzunguka kwa kamba, akaushangaa. Alipiga hesabu akatangaza kwamba mibuyu mingine ina umri wa zaidi ya miaka 5,000, jambo lililowaudhi watu wa dini waliokuwa na hesabu yao ya gharika. Siku hizi vipimo vya kaboni vimeshusha umri huo: mbuyu mkongwe kuliko yote iliyopimwa, uliokuwa Zimbabwe, ulifikia miaka 2,450 hivi. Yesu alipozaliwa ulikuwa tayari mzee.

Mwaka 1759 Linnaeus wa Uswidi, mtu aliyeupa ulimwengu mtindo wa kuviita viumbe kwa majina mawili ya Kilatini, akauita mti huo Adansonia digitata. Adansonia ni kwa heshima ya yule Mfaransa. Digitata ni kwa sababu jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono. Kichekesho ni kwamba Adanson mwenyewe hakukubaliana na mtindo wa Linnaeus, na alipendelea mimea ibaki na majina ya wenyeji. Sheria za wataalamu hazikumsikiliza. Jina lake limeshikamana na mbuyu mpaka leo, atake asitake.

Na sheria hizo zina meno. Mgunga wetu, huu wa miiba uliojaa kuanzia Bahi hadi Kongwa, kwa vizazi uliitwa Acacia. Mwaka 2005 wataalamu wa mimea walikutana Vienna, wakaamua kwamba ukoo huo ni mkubwa mno na umechanganya wasiohusiana, na jina la Acacia likaenda kwa miti ya Australia, kwa sababu huko ndiko ziliko aina nyingi zaidi. Waafrika walilalamika sana. Mwaka 2011, kwenye mkutano wa Melbourne, uamuzi ukathibitishwa. Migunga ya Afrika sasa ni Vachellia na Senegalia. Mbuzi wa Bahi hawajatambua tofauti yoyote, lakini katika kila kitabu cha misitu kilichochapwa kabla ya hapo, jina la mti huo sasa ni la zamani.

Mbuyu nao umehamishwa, si jina bali familia. Zamani ulihesabiwa katika familia ya msufi, ule mti wa sufi za mito na magodoro. Kuanzia miaka ya 1990, uchunguzi wa chembe za urithi ulipoanza kutumika, familia hiyo ilionekana kuwa chumba tu ndani ya nyumba kubwa zaidi. Nyumba hiyo ni ya pamba. Ndani yake yumo bamia, yumo choya la kutengenezea juisi nyekundu, yumo kakao, yumo mkole wa kusukia vikapu. Yumo pia mlenda, ule mlenda wa majani ya jamii ya juti. Kwa hiyo mama wa Kigogo anapopika mlenda, na jirani yake wa Tanga anapopika bamia, na wa tatu anapochemsha majani machanga ya mbuyu, utelezi wanaoupata chunguni ni wa ndugu wa damu. Utelezi huo ni alama ya ukoo mzima. Lakini usifanye haraka, maana mlenda mwingine wa huku kwetu ni wa familia ya ufuta, na hauhusiani na hao hata kidogo. Tumeuita mlenda kwa sababu unateleza. Jina la chunguni limefuata matumizi, na jina la wataalamu linafuata ukoo, na mara nyingi mawili hayo hayakutani.

Sasa tuje kwenye asili. Duniani kuna aina nane za mbuyu zinazokubalika. Sita ziko Madagaska peke yake. Moja iko kaskazini magharibi mwa Australia. Moja iko bara la Afrika, kuanzia Senegal hadi Sudan, ikateremka kwetu mpaka Afrika Kusini. Mgawanyo huu uliwasumbua watu kwa muda mrefu. Kwa nini kisiwa kiwe na sita, na bara zima moja? Na huyo wa Australia amevukaje bahari?

Jibu la kwanza lililopendwa lilikuwa la kuvunjika kwa mabara. Afrika, Madagaska na Australia zilikuwa nchi moja kubwa, zikaachana, kila moja ikaondoka na mbuyu wake. Ni hadithi nzuri. Tatizo lake ni kalenda. Mabara hayo yaliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na mibuyu, ukilinganisha chembe zake za urithi, ni jamaa wa karibu mno kuweza kuwa wametengana tangu wakati huo. Ni kama mtu adai babu yenu mmoja alikufa vita vya Majimaji, wakati ninyi mmenyonya ziwa moja.

Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha kazi ya wataalamu wa China, Uingereza na Madagaska waliosoma urithi wote wa aina zote nane. Hitimisho lao ni kwamba mibuyu ilianzia Madagaska, miaka ipatayo milioni 21 iliyopita, na kwamba baadaye sana, pengine miaka milioni 12 iliyopita, mbegu zilisafiri baharini. Nyingine zikafika Afrika, nyingine Australia. Ukilishika buyu mkononi utaona kwamba haliko mbali na chombo cha majini: gamba gumu kama mti, ndani kavu, mbegu zimefungwa kwenye unga wake. Tunaotumia vibuyu kuchotea maji hatupaswi kushangaa kwamba kimoja kiliwahi kuelea hadi ng'ambo.

Wapo waliokuwa na fikra kwamba Afrika ndiyo chimbuko, na sidhani kama mjadala umefungwa kabisa. Lakini ukiona kisiwa kimoja kina aina sita, kila moja na umbo lake la ua na mdudu au mnyama wake wa kulihudumia, unaona kwamba mbuyu umekaa huko muda mrefu kuliko kwingine. Mmoja wao Wamalagasi huuita renala, yaani mama wa msitu. Mwingine, Adansonia perrieri, umebaki na miti iliyokomaa isiyofika 250 ulimwenguni kote.

Baada ya kufika bara, mbuyu wa Afrika ulipatwa na jambo ambalo ndugu zake hawakulipata. Wewe na mimi, ndugu msikilizaji, tuna kromosomu 46, ambazo ni seti mbili: seti ya mama na seti ya baba. Mibuyu ya Madagaska na Australia nayo ina seti mbili, jumla 88. Mbuyu wa Afrika una seti nne. Waliozihesabu wamepata kati ya 160 na 168. Wakati fulani huko nyuma seti zilirudufiwa na hazikurudi tena kuwa mbili.

Kurudufiwa huku si ugonjwa. Ngano tunayolia mkate imepitia huko, na pamba pia. Lakini kuna matokeo yake. Mti wenye seti nne ukizaa na wenye seti mbili, mtoto huwa na seti tatu, na seti tatu hazigawanyiki sawa. Mtoto huyo kwa kawaida hawezi kuzaa mbegu. Usiulize mfano mbali: ndizi za Bukoba ni za seti tatu, ndiyo maana ukimenya hukuti mbegu, na mkulima hupanda chipukizi. Kwa hiyo mtaalamu akikuta miti ya seti mbili na ya seti nne katika pori moja, ana sababu ya kusema hizi ni aina mbili, kwa kuwa haziwezi kuoana kwa mafanikio.

Hapo ndipo anapoingia Jack Pettigrew. Mtu huyu hakuwa mtaalamu wa mimea. Alikuwa mtafiti wa ubongo, wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliyejulikana kwa kazi yake juu ya macho ya bundi na ubongo wa popo. Mwaka 1986 aliwasha moto katika elimu ya wanyama kwa kudai kwamba popo wakubwa wanaokula matunda ni jamaa wa kima na binadamu kuliko walivyo jamaa wa popo wadogo, kwa vile mishipa ya macho yao imeungana na ubongo kwa namna moja. Uchunguzi wa urithi uliofuata haukumuunga mkono, na popo wote wamerudishwa katika kundi moja. Baadaye akaigeukia mibuyu, na yeye na wenzake ndio walioandika ile makala ya 2012. Walisema wamekuta nyanda za juu mibuyu yenye maua madogo zaidi, chavua ndogo zaidi, na, jambo lililo kubwa kuliko yote, seti mbili tu za kromosomu.

Kama hilo ni kweli, fikiria uzito wake. Mbuyu wa nyanda za juu ungekuwa masalio ya kizazi cha kale, cha kabla ya kurudufiwa, na mbuyu wa kawaida ungekuwa mtoto wake aliyekua akamzidi baba. Na miti ya nchi kama ya kwetu ndiyo ingekuwa kwenye orodha ya kuchunguzwa.

Wataalamu wengine walirudi porini na maabara. Walikuwemo watu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg, wa Marekani, na wa Benin, miongoni mwao David Baum, aliyekuwa amechapisha makala ya mapitio ya ukoo huu mwaka 1995. Walihesabu kromosomu, wakapima maua, chavua na vitundu vya majani, kutoka miti ya mahali pengi. Mwaka 2016 walichapisha jibu, katika Taxon ile ile. Miti waliyoihesabu ilikuwa na seti nne, ya juu na ya chini. Maua yalitofautiana kwa ukubwa, ndiyo, lakini hayakugawanyika katika makundi mawili. Yalipanda na kushuka kidogo kidogo kama bei za sokoni, bila mahali pa kukata. Hitimisho lao: Adansonia kilima si aina ya peke yake. Ni digitata ile ile.

Kwa hiyo tulikuwa na mbuyu wenye jina la Kiswahili kwa miaka minne.

Mambo haya hayatokei Afrika tu. Bluberi, yale matunda madogo ya samawati yanayouzwa siku hizi kwenye visanduku katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, asili yake ni mwituni Amerika ya Kaskazini, na yana jamaa yake wa porini katika milima ya Rwenzori. Huko Amerika, mwaka 1945 mtaalamu aitwaye Camp aliigawa bluberi mirefu ya mwituni katika aina nyingi, na moja ya nguzo zake ilikuwa idadi ya seti za kromosomu: wenye mbili, wenye nne, wenye sita. Mwaka 1980 akaja mwingine wa Kanada, Vander Kloet, akasema yote hayo ni mti mmoja wenye sura nyingi, akakusanya aina karibu zote katika jina moja. Wengi wakamfuata, wengine hadi leo hawamfuati. Wapo waliozaliwa na mkono wa kugawa na wapo waliozaliwa na mkono wa kuunganisha, na kichaka cha bluberi hakiwezi kuwaamulia.

Mimi, kama raia wa Dodoma, nimeyasoma ya pande zote mbili na naona wa 2016 wana nguvu zaidi, kwa sababu walihesabu miti mingi na ya mahali pengi. Lakini nasikitika kidogo. Kama mbuyu wetu ungekuwa aina ya peke yake, wenye nchi chache na ya nyanda za juu tu, ungeingia haraka kwenye madaftari ya hifadhi ya kimataifa. Digitata imeenea bara zima, na kitu kilichoenea hakimshtui mtu.

Upande mwingine wa shilingi ni biashara. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu ubuyu mkavu uingie katika soko lake kama chakula kipya, na mwaka uliofuata Marekani nayo ikafungua mlango. Chakula kipya! Watoto wa Zanzibar walioutia rangi na sukari na pilipili wakauza kwenye vikaratasi kwa miaka mingi wangecheka. Ila soma kibali cha Ulaya: kinataja Adansonia digitata. Mti ukibadilishwa jina rasmi, ubuyu unaotoka kwenye mti huo haujatajwa popote. Sisemi kwamba shehena zingerudishwa bandarini, maana jina lile lilipingwa mapema. Nasema tu kwamba mama anayetwanga mabuyu Mpwapwa na kuyauza kwa debe ana sababu ya kujua kinachobishaniwa na mabwana wa kromosomu.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike haya. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, na hasa tangu Dodoma ilipopandishwa kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vimepimwa mpaka vilimani. Mbuyu ukiangukia katikati ya kiwanja una bahati mbaya. Si mbao, si kuni nzuri, na mizizi yake inamtisha fundi. Unakatwa.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Kongwa, matrekta yaliletwa kung'oa pori, na mibuyu ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowashinda. Mingine ilikuwa na nyuki ndani, na wafanyakazi waliishia hospitali. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Tofauti ya sasa ni kwamba katapila la leo halishindwi.

Na mbuyu hauna haraka ya kujirudisha. Mche wake hauna umbo la mbuyu. Ni kijiti chembamba, na majani yake ya kwanza hayana hata vidole. Mbuzi hukipitia bila kumaliza sekunde. Mbuyu ulianza kama mchicha, tunasema, lakini mchicha unaoachwa na mbuzi ni mchache. Tena kusini mwa Afrika kuna habari mbaya: mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote inayojulikana barani, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zimeanguka katika muda wa miaka kumi na ushei. Wachunguzi wanashuku joto na ukame.

Anayekata, mara nyingi, huanza na dume. Nimelisikia hili zaidi ya mara moja kwa wenye viwanja: "Huu hauzai, wa nini?" Na hapa elimu ya wazee na elimu ya maabara zimekutana kwa namna ambayo inafaa kila mwenye kiwanja aisikie. Ua la mbuyu lina uume na uke pamoja, kila ua, kwenye kila mti. Kwa maana ya mimea hakuna mbuyu dume. Hata hivyo mzee wa Mvumi hakukosea alipoona kwamba mti mmoja unazaa na mwingine hauzai. Watafiti wa Afrika Kusini, akiwemo Sarah Venter, walipanda juu ya hiyo inayoitwa midume, wakapaka chavua kwa mkono, na mwaka 2017 wakaeleza walichokipata: ilizaa mabuyu. Pia waligundua kwamba mbuyu haushiki mimba kwa chavua yake wenyewe. Ni lazima chavua itoke kwenye mti mwingine.

Kwetu huku anayeibeba ni popo. Ua hufunguka jioni, linaning'inia jeupe, na asubuhi limekwisha kazi. Popo ana usiku mmoja wa kuruka kutoka mti hadi mti. Ukiukata ule wa kivuli kwa sababu hauzai, unaweza kuwa umeukata mti ulioupa chavua mbuyu wa jirani yako. Yeye ataendelea kuwa na mti wake, maua yatafunguka kama kawaida mwezi wa kumi na moja, na mabuyu yatapungua. Atasema umelogwa.

Kwa wenye nia ya kupanda, neno moja. Aina moja haina maana ya miti iliyo sawa. Mbegu ya Benin na mbegu ya Kondoa zina jina moja la Kilatini, lakini moja imezoea mvua yake na nyingine ya kwetu, ambayo mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Chukua mbegu ya mti unaoujua ladha yake. Gamba la mbegu ni gumu, kwa hiyo watu huimwagia maji ya moto na kuiacha humo usiku kucha kabla ya kuipanda. Na uweke uzio, kwa ajili ya mbuzi.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitazungumzia zabibu.